Riesling ya Bei Nafuu kwenye Meza ya Mombasa: Kununua, Kupoza, Kuonja na Kula Nayo

Jumapili moja shemeji yangu alitujia nyumbani Changamwe na chupa ya mvinyo mwekundu, ule mzito wa asilimia 14.5, kwa heshima ya samaki aina ya changu niliyekuwa nampaka. Samaki nilikuwa nimemchanja mbavuni, nikamsiliba kitunguu thaumu, tangawizi, ndimu na pilipili mbuzi, kisha nikamweka juu ya makaa nikimpaka tui zito lililotiwa ukwaju. Tonge la kwanza, funda la kwanza, shemeji akaweka glasi chini.

"Shem, leo umetia pilipili ya mwaka mzima?"

Pilipili ilikuwa ile ile ya siku zote. Kilichomchoma ni mvinyo. Pombe nyingi huuchochea moto wa pilipili kama kipepeo kinavyochochea makaa, na chembe za chuma zilizomo katika mvinyo mwekundu zikikutana na mafuta ya samaki huacha shombo mdomoni. Kwenye friji nilikuwa na nusu chupa ya Riesling, mvinyo mweupe, ya asilimia 9. Nikamsuuzia glasi, nikammiminia. Changu yule alimla mpaka kichwa.

Nimehudumu mezani katika hoteli za pwani ya kaskazini kwa miaka 11, na jambo ninalolishikilia ni hili: chakula chetu cha nazi, ndimu, ukwaju na pilipili kinataka mvinyo mweupe, wa baridi, mchachu, wenye pombe kidogo na utamu kiasi. Zabibu ya Riesling inayatoa yote hayo, tena kwa chupa ya bei ya chini. Wengi huona haya kunywa mvinyo wenye utamu, wakidhani mjuzi hunywa drai, yaani usio na utamu, peke yake. Dhana hiyo imewanyima watu wa Mombasa raha kubwa, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Ijue zabibu yenyewe

Riesling ni jina la zabibu, si la kampuni. Asili yake ni Ujerumani. Jina hilo limo katika hesabu za ghala la Rüsselsheim za tarehe 13 Machi 1435, miaka 158 kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus. Hadi leo Ujerumani ndiyo inayoilima kwa wingi zaidi, katika mabonde ya Mosel, Rheingau, Nahe na Pfalz. Nyingine hutoka Alsace huko Ufaransa, Austria, mabonde ya Clare na Eden ya Australia, New Zealand, na jimbo la Washington na eneo la Finger Lakes nchini Marekani. Afrika Kusini wanayo pia, lakini kidogo.

Ni zabibu ya nchi za baridi. Mosel hupandwa kwenye miteremko ya mawe meusi, na mahali pengine mteremko huzidi nyuzi 60, kiasi kwamba kazi karibu yote ni ya mikono. Baridi hiyo huifanya iive polepole, sukari ikaongezeka bila uchachu kupotea. Uchachu ndio uti wake wa mgongo. Tena wapishi wa mvinyo wake kwa kawaida hawauweki kwenye mapipa mapya ya mwaloni, kwa hiyo hakuna ladha ya mbao ya kugombana na bizari yako.

Zoezi la ndimu na sukari, kabla hujatoa hata shilingi

Hili nimewafundisha wahudumu wengi wapya, na sijapata njia bora kuliko hii. Chukua glasi tatu, kila moja itie maji ya mililita 200. Ya kwanza ikorogee vijiko viwili vya chai vya sukari. Ya pili ikamulie ndimu moja nzima. Ya tatu itie vyote viwili. Onja kwa mpangilio huo.

Ya kwanza inachosha ulimi baada ya funda mbili. Ya pili inakunja uso. Ya tatu unaweza kuimaliza, na hutaamini kwamba ina sukari sawasawa na ile ya kwanza. Sukari uliyotia ni takriban gramu 40 kwa lita, kiasi kinachopatikana katika Riesling nyingi za Mosel zenye utamu. Uchachu umeificha. Onja tena glasi ya tatu, safari hii usikilize pande za ulimi na chini ya mashavu: mate yanatiririka. Mate hayo ndiyo kipimo chako cha uchachu siku utakayoonja mvinyo wenyewe, kwa hiyo yakumbuke.

Kununua: tazama namba ya pombe

Ukisimama mbele ya rafu usihangaike na picha ya kasri wala maandishi ya dhahabu. Igeuze chupa utafute asilimia ya pombe. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza pombe, na kila gramu 17 hivi za sukari katika lita hutoa asilimia moja. Juisi ya zabibu yenye gramu 190 ikichacha mpaka mwisho itafika asilimia 11 na ushei, na utamu wote utakuwa umeliwa. Mpishi wa mvinyo akiisimamisha kwenye 8.5, zinabaki kama gramu 45. Kwa hiyo kwenye Riesling, namba ndogo ni dalili ya utamu.

Mimi huhesabu hivi. Kati ya asilimia 7.5 na 9, tarajia utamu unaoonekana wazi. Kati ya 10 na 11.5, ni wa kati, utamu uko nyuma ya uchachu. Kuanzia 12 kwenda juu, mara nyingi ni drai. Si sheria ya kukata shingo, ila mara chache imeniangusha. Na asikutishe mtu na hizo gramu 45: glasi ya mililita 120 inabeba sukari ya kijiko kimoja cha chai na kidogo juu yake, ilhali soda nyingi za kola zina karibu gramu 100 kwa lita.

Chupa ya Kijerumani inakupa na maneno ya kukusaidia. Trocken ni drai. Halbtrocken ni nusu drai, isiyozidi gramu 18 kwa lita. Feinherb ni jirani yake, lakini neno hilo halina kipimo cha kisheria, hivyo rudi kwenye namba ya pombe. Kabinett na Spätlese hueleza zabibu ziliiva kiasi gani zilipovunwa: Kabinett ni nyepesi, Spätlese ni za mavuno ya kuchelewa. Husimuliwa kwamba mwaka 1775 watawa wa Schloss Johannisberg walikuwa wakimngoja tarishi aliyeleta kibali cha kuvuna, tarishi akachelewa, zabibu zikaanza kuoza mtini, na mvinyo uliotoka ukawa mtamu kuliko yote waliyowahi kunywa. Ukiona Kabinett pekee bila neno trocken, na pombe ni asilimia 8 au 9, hiyo ndiyo ninayoitaka mimi kwa chakula cha nazi.

Chupa nyingine, hasa za Marekani, zina mstari mdogo nyuma wenye alama ya kuonyesha kama mvinyo ni drai, wa kati au mtamu. Ukiuona, ushukuru na uufuate.

Majina matatu ya kukupoteza: Welschriesling ni zabibu nyingine kabisa, haina undugu na hii. Cape Riesling, jina lililotumika Afrika Kusini kwa miaka mingi, ni zabibu ya Crouchen. Riesling ya kweli huko iliandikwa Weisser Riesling au Rhine Riesling. Na Liebfraumilch, ingawa ni ya Kijerumani na chupa yake ni nyembamba vilevile, kwa kawaida ni mchanganyiko ambao Riesling ndani yake ni kidogo.

Bajeti yangu haizidi shilingi 2,500, na nikikuta chupa nzuri chini ya hapo nafurahi zaidi. Kwa mji wetu, jinsi duka lilivyoihifadhi chupa ni jambo zito kuliko bei. Niliwahi kununua Riesling katika duka moja mjini, imesimama dirishani inaota jua la saa nane, nami nikavutiwa na punguzo. Nilipoifungua rangi ilikuwa ya chai ya rangi, na harufu ya tofaa lililochemshwa likasahauliwa jikoni. Niliimwaga. Tangu siku ile nachukua chupa ya nyuma ya rafu, mbali na dirisha na taa, katika duka lenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Naitazama stempu ya KRA, ya ushuru, na kama kifuniko kimevimba au kinanata kwa mvinyo uliovuja, nairudisha. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya uduni. Wakulima wa bonde la Clare walianza kukitumia kwa pamoja kwa mavuno ya mwaka 2000, na kwa joto letu nakipenda kuliko kizibo cha gome.

Nyumbani usiiweke juu ya friji wala karibu na jiko. Ilaze chini ya kitanda, au moja kwa moja ndani ya friji.

Kupoza

Riesling hunywewa kwenye nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Sebule ya Mombasa mchana wa Februari inazidi 30, na mvinyo wa nyuzi 30 unanuka pombe tupu. Friji huchukua saa mbili hadi tatu. Ukiwa na haraka, au umeme umekatika, tumia ndoo: barafu, maji mpaka shingo ya chupa, na gao mbili za chumvi. Maji ni ya lazima, kwa sababu barafu peke yake hugusa chupa hapa na pale tu, na chumvi huyashusha maji chini ya sifuri. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Barafu ya wauza samaki inafaa kwa kazi hii maadamu inabaki nje ya chupa, ila ifute chupa vizuri kabla ya kumimina.

Mimina kidogo kidogo, robo glasi, urudishe chupa ndooni. Ukijaza glasi, nusu yake utainywa vuguvugu.

Kuonja

Huhitaji glasi ya bei. Inatosha iwe safi, nyembamba mdomoni, na isiwe na harufu ya sabuni wala ya kabati. Isuuze kwa maji matupu uiache ichuruzike.

Tazama rangi juu ya kitu cheupe: Riesling changa ni karibu maji yenye kivuli cha kijani, na ya umri huelekea dhahabu. Ukiona vipande vinavyong'aa kama chembe za sukari chini ya chupa, si vigae. Ni chumvi ya asili ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara.

Kisha nusa, na hapa chukua muda wako. Zungusha glasi taratibu, ingiza pua, vuta mara moja fupi, toa, ngoja, rudia. Vitabu vya wazungu vitakutajia matunda ambayo huenda hujawahi kuyaona mtini. Yaache. Tafuta yako: ganda la ndimu lililokwanguliwa, embe bichi lenye chumvi kama lile la kwenye mifuko ya nailoni kando ya barabara, nanasi, ua la mlimau, asali, saruji inayopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Katika Riesling yenye umri, au ile iliyokua kwenye jua kali kama ya Australia, utakuta harufu ya mafuta ya taa. Usishtuke, chupa haijachakachuliwa. Ni kemikali iitwayo TDN, inayotokana na zabibu zenyewe na kuongezeka chupa inavyokaa. Mtu aliyekulia na koroboi ataitambua kabla ya yeyote mwingine mezani, na mimi huipenda ikiwa kidogo.

Piga funda, lizungushe mdomoni, meza, halafu usiongee. Hesabu moja hadi kumi ukisikiliza mambo mawili: mate yanatiririka kama kwenye glasi yako ya tatu? Na utamu unakwisha safi, au unabaki umenata kama sharubati? Ladha ya Riesling nzuri ya bei nafuu hukwisha mdomoni mapema kidogo kuliko ya bei ghali, hilo lisikusumbue. Isiyofaa ni ile inayoacha sukari ikiwa imekaa peke yake ulimini.

Andika neno moja au mawili kwa kila chupa. Mimi nina daftari la mraba, na ukurasa wa kwanza umeandikwa tu: "embe bichi, mate mengi, rudia."

Kula nayo

Mpangilio ni funda, tonge, funda. Funda la kwanza ni la kuujua mvinyo, la pili ndilo la kujua kama wamepatana. Mambo ya kuangalia mezani ni machache. Pilipili hutulizwa na utamu na huchochewa na pombe. Nazi na mafuta hukatwa na uchachu. Chakula chenye ndimu au ukwaju kinataka mvinyo mchachu kukizidi, la sivyo mvinyo utaonekana maji.

Anza na samaki wa kupaka, au kuku wa kupaka, pamoja na Kabinett ya asilimia 8 au 9. Siijui ndoa nzuri kuliko hii katika mji wetu wote. Tui linafunika ulimi, funda moja linausafisha, ukwaju na uchachu vinaonana kama ndugu waliopotezana, na pilipili inashuka kutoka moto hadi joto. Kamba wa nazi nao wanakwenda vivyo hivyo, ila usizidishe bizari ya manjano.

Nguru wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, wa kuchukua Marikiti asubuhi na kumla mchana, anataka kinyume chake: Riesling drai ya Clare au Eden, ambayo yenyewe inanukia ndimu. Pweza aliyechomwa kwa chumvi na pilipili manga yuko upande huo huo. Pweza akiwa wa nazi, rudi kwenye utamu.

Viazi karai na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kama ile ya Lighthouse, kando ya bahari, jioni, vinapendeza na halbtrocken. Nunua chakula barabarani, chupa ibaki nyumbani. Si adabu kuifungua mbele ya familia za watu. Mbaazi za nazi na mahamri kwa Riesling ya asilimia 10 au 11 ni chakula cha Jumamosi ambacho sijakiona kwenye orodha ya hoteli yoyote, na kingestahili. Iliki ya mahamri hunuka vizuri zaidi pembeni ya mvinyo huo.

Biriani ni kazi. Kitunguu kilichokaangwa kina utamu, nyama ya mbuzi ina uzito, viungo ni vingi. Kabinett inazama humo. Hapo natafuta Spätlese, au Riesling ya Pfalz ambayo huwa nzito zaidi mdomoni, na naweka achari ya embe mbali kidogo na sahani. Pilau ya ng'ombe inakubaliana na Riesling drai ya Alsace, lakini nikiulizwa kwa moyo mweupe, pilau inashushwa vizuri zaidi na kachumbari na maji baridi. Nyama choma iache; haimhitaji Riesling.

Na vitamu? Mvinyo ukiwa na utamu mdogo kuliko chakula, unageuka siki mdomoni. Kaimati na halwa zinazishinda Riesling zote za bajeti yetu. Pika kahawa tungu.

Kuhusu wageni: nyumba nyingi za Mombasa zina ndugu, wakwe na majirani Waislamu, na meza moja hukusanya wote. Mimi situmii mvinyo ndani ya chakula cha pamoja hata tone, glasi za mvinyo hazichanganyiki na nyingine, na wakati wa Ramadhani chupa haionekani. Jagi la sharubati ya ukwaju huwa mezani kila mara, na kwa kweli hufanya na samaki wa kupaka kazi ile ile: uchachu, utamu na baridi.

Asilimia 8.5 bado ni pombe. Si ya walio chini ya miaka 18, si ya mjamzito wala anayetumia dawa zisizopatana nayo. Aliyekuja na gari na akanywa, aliache hadi kesho, aitiwe tuktuk.

Kiasi kilichobaki

Funga chupa kwa kifuniko chake, irudishe friji ikiwa imesimama. Uchachu mwingi huilinda, hivyo siku tatu hadi tano haijaharibika, na mara nyingi siku ya pili harufu imefunguka zaidi. Bandika kipande cha karatasi chenye tarehe uliyoifungua. Ile nusu chupa ya asilimia 9 niliyommiminia shemeji ilikuwa na siku tatu. Wiki iliyofuata alirudi na chupa mbili nyembamba ndani ya gazeti lenye unyevu, na kabla ya kuketi aliniuliza kama changu amepakwa.